Masinki Matatu ya Handaki

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo imeanza. Siku kumi na nne bila kuona faili hata moja. Wenzangu wa masjala waliniuliza naenda kupumzika wapi. Nikawaambia handakini. Wakacheka. Hawajui.

Handaki ni chumba cha chini ya nyumba yetu. Unashuka ngazi tisa kutoka jikoni, umefika. Mimi ndiye niliyekipa jina hilo. Mke wangu sasa anakiita saluni. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akiwaosha wateja nywele jikoni kwa beseni na kopo, nami nakula huku nimepakana na kichwa cha mtu chenye povu. Sasa basi! Saluni inahamia chini. Viti vitatu, vioo vitatu, masinki matatu ya kuoshea nywele. Viti tayari. Vioo tayari. Masinki yanakuja kesho.

Ufunguzi ni Jumamosi ya tarehe 16, na wateja wa kwanza si wa mchezo: bibi harusi na wasindikizaji wake sita. Bibi harusi mwenyewe ni mjukuu wa dada yake mama mkwe wangu, na mama mkwe tunaishi naye. Yaani mambo yakiharibika, yameharibika ukoo mzima.

Mke wangu alisema yupo fundi bomba anayemwamini sana, tena tunamfahamu, naye ni... Sikumwacha amalize. Nilijipiga kifua. Fundi wa nini, nami nipo?

Shemeji akachekea ndani ya kikombe cha chai. Huyu ni mdogo wake mke wangu, aliyekuja kukaa nasi wiki mbili, huu mwaka wa tatu. Anauza matairi, lakini ana maoni juu ya kila kitu. Aliuliza kama masinki nitayatengeneza kama nilivyoutengeneza mlango wa masjala. Mlango ule haujafungika tangu siku hiyo, ni kweli, lakini unafunguka vizuri sana. Ndiyo sababu kazini wananiita Injinia.

Nimeshachora. Bomba kubwa la majitaka la nyumba nzima linashuka kwenye ukuta wa handaki, linazama sakafuni na kuelekea barabarani. Ubavuni mwake kuna tawi la zamani lililozibwa kwa kifuniko, maana wenye nyumba wa kwanza walikuwa na sinki la kufulia pale chini. Nafungua kifuniko. Naunganisha masinki yangu. Basi. Siku mbili, tatu nikizubaa.

Jumanne, 5 Agosti

Masinki yamefika. Meupe pepepe, kila moja limesimama kwenye mguu wake. Nimeyatazama kwa muda mrefu kabla ya kifungua kinywa.

Kazi ya leo ilikuwa kifuniko. Nilichukua tahadhari. Nilibandika tangazo kwenye mlango wa choo cha juu: HAKUNA KUMWAGA MAJI MPAKA NITAKAPOTANGAZA. Herufi kubwa. Sahihi na tarehe, kama tunavyofanya masjala.

Kifuniko kiligoma. Nikakipaka mafuta. Nikakibembeleza. Nikakitukana. Saa nne na robo kikaachia, nami nikasogeza uso kuchungulia kama ndani hali ni shwari.

Mama mkwe hasomi matangazo bila miwani. Miwani ilikuwa jikoni.

Sitaandika yaliyonipata. Naandika tu kwamba nimeoga mara tatu, na lile shati halipo tena. Mke wangu alisimama ngazi ya nne, akakataa kushuka ya tano, akauliza kama ampigie simu yule fundi. Nikamjibu, kwa heshima yote inayowezekana kwa mtu aliye katika hali ile, kwamba kazi inakwenda vizuri. Mama mkwe alipoelezwa alinipa pole kwa moyo mmoja. Kisha akauliza kama sasa ameruhusiwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Jana nilikata mabomba. Leo nimeyaunganisha. Bomba moja la mlalo, mita nne ukutani, linapokea maji ya masinki yote na kuyapeleka kwenye lile tawi. Chini ya kila sinki nimeweka mkunjo, ule unaobaki na maji kidogo tumboni ili harufu ya majitaka isipande. Mkunjo nimeuelewa kabisa. Hata mimi nilishangaa.

Na uzuri wa kazi! Nimetumia pima maji. Kile kipovu chake kimesimama katikati kabisa, hakiendi kulia wala kushoto. Bomba limelala kama meza. Nilimwita mke wangu akione kipovu. Akakitazama, akasema ni kizuri.

Shemeji alishuka bila kualikwa, kikombe mkononi. Akasema bomba la majitaka huwekewa mteremko kidogo ili maji yashuke. Nikamuuliza kama hayo amejifunza kwenye matairi. Nikamweleza taratibu kwamba maji yana akili, njia yanaijua, na yakisukumwa na maji wenzao kwa nyuma yatatembea yenyewe.

Akasema, "Haya, Injinia."

Simpendi akisema haya.

Ijumaa, 8 Agosti

Maji hayana akili.

Nilimwaga ndoo moja kwenye sinki la tatu, lililo mbali zaidi na bomba kubwa. Yakaenda nusu ya safari, yakatulia kama maji ya mtungini. Nikayapa nusu saa. Bado yapo. Nikaligonga bomba. Yakasikika yakicheza humo ndani, hayana haraka ya kwenda popote.

Kulifungua bomba na kulishusha upande mmoja ni kumpa shemeji ushindi. Hilo haliwezekani. Nikakaa kwenye kiti cha saluni nikafikiri, na jibu likaja. Kama bomba linataka mteremko, si lazima nishushe upande huu. Naweza kuinua upande ule! Na sinki lake. Nikaweka matofali manne chini ya sinki la tatu, mawili chini ya la pili, la kwanza likabaki lilipo. Nikamwaga ndoo. Maji yakashuka mbio kama wanafunzi wakisikia kengele.

Mke wangu akaja kuona. Masinki yalikuwa yamepangana kama ngazi. Akaketi kiti cha tatu, akalaza kichwa nyuma. Shingo haikufika. Akajinyoosha. Haikufika. Akauliza wateja watafanyaje.

Nilikuwa na jibu, ingawa nililipata pale pale. Sinki la kwanza ni la wateja wafupi, la pili la wastani, la tatu la warefu. Hakuna saluni nyingine inayojali urefu wa mteja! Akauliza bibi harusi ni mrefu au mfupi. Nikasema achague mwenyewe, ndiyo siku yake.

Alipanda ngazi polepole akihesabu kwa vidole siku zilizobaki.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo majaribio na kichwa cha kweli. Mke wangu amemleta mteja wake wa siku nyingi, mama mmoja mfupi, mpole, kucha amezikata hadi mwisho, si msemaji. Kwa kuwa ni mfupi, akaketi sinki la kwanza. Utaratibu wangu unafanya kazi!

Kichwa kikaoshwa. Povu likatoka. Kizibo kikavutwa, maji yakashuka. Na sinki la tatu, ambalo hakuna aliyeligusa, likabeua.

Sitii chumvi. Lilibeua kama mzee aliyeshiba. Kwanza mngurumo mrefu, halafu kimya, halafu kwikwi moja ya mwisho. Nilipochungulia, yale maji ya kwenye mkunjo yalikuwa yamenyonywa yote, na harufu ilikuwa inapanda bila kizuizi. Mke wangu akafungua kidirisha. Mimi nikajitia hamnazo, nikaanza kupanga taulo.

Yule mama alikuwa ameshahamia chini ya mashine ya kukaushia, gazeti mkononi. Akasema bila kuinua macho, "Bomba lako halipumui, kaka. Maji yakishuka yanatafuta hewa, yanaivuta kupitia kwenye sinki la jirani."

Nilitabasamu. Mtu akikaa kwenye joto lile, husema mengi. Nikamshukuru, nikamletea gazeti jingine.

Alipoondoka mke wangu alitaka kuniambia jambo kumhusu. Nikamwambia baadaye, niko kazini.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimegundua kasoro! Peke yangu, jana, nikiwa naoga. Bomba langu halipumui! Maji yakishuka yanahitaji hewa nyuma yake, na hewa isipopata njia yake itapitia kwenye sinki la jirani. Linatakiwa bomba la pili, dogo, la kupanda juu hadi nje. Bomba la hewa. Nashangaa hakuna aliyewahi kunieleza jambo rahisi hivi.

Nilipomweleza shemeji alisema kila nyumba inalo bomba la hewa, linatokeza paani, na akauliza kama katika maisha yangu sijawahi kuangalia juu. Watu wa namna hii siwajibu.

Bahati iliyoje: handakini kuna mabomba madogo mawili ya zamani yanayopanda ukutani na kupotelea darini. Moja liko kona ya mbali, nyuma ya kabati la taulo, limepakwa rangi mara nne. Jingine liko hapa hapa, juu ya sinki la pili, hatua moja tu. Mojawapo lazima lilikuwa bomba la hewa la lile sinki la kufulia. Nikajiuliza, mtu mwenye akili timamu angechagua lipi? La karibu. Na wenye nyumba wa kwanza bila shaka walikuwa na akili timamu. Kwa hiyo ni hili.

Nikalikata mdomo, nikaweka sikio. Kaupepo kembamba! Linapumua! Nikapuliza. Nikaimba kidogo humo ndani. Sauti ikaenda mbali, nzuri, nene.

Nimeshinda chini yake kutwa nzima, mdomo wake wazi juu ya kichwa changu, napima, nakata, najisemea. Mtu akifanya kazi peke yake lazima ajisemee.

Jumanne, 12 Agosti

Jambo la ajabu limetokea.

Mchana mezani mama mkwe alinipakulia mboga kijiko kimoja. Nikasubiri cha pili. Akasema kwa upole kwamba, kwa kuwa chumvi yake inaua figo za watu, hataki kuniua.

Nilipigwa na butwaa. Maneno hayo ni yangu! Niliyasema jana, handakini, kwa nyundo na ukuta. Kabla sijapumua akaongeza kwamba yeye halali saa kumi na mbili kwa siku kama paka. Analala tisa. Na hilo pia nililisema! Kijiko kikanidondoka.

Shemeji! Anategea sikio mlangoni, kisha anapeleka habari juu. Nikaamua kumnasa. Nikashuka, nikafunga mlango, nikajifanya naendelea na kazi, nikasema kwa sauti, "Kumbe shemeji anataka kuichukua cherehani ya mama ampelekee mchumba wake!" Uongo mtupu. Mchumba mwenyewe sidhani kama yupo. Nikakaa kusubiri.

Haikupita robo saa. Mama mkwe alikuwa ameikumbatia cherehani yake kwa mikono miwili, shemeji amesimamishwa mbele yake, anaulizwa amekosewa nini tangu azaliwe. Macho yalimtoka shemeji. Hakujua hata maneno yale yameanzia wapi. Ilinipa raha kidogo, nakiri.

Lakini baadaye nikafikiri. Shemeji hawezi kujipeleka mwenyewe mashtaka. Kwa hiyo si yeye. Nikapima kila uwezekano kwa utulivu, likabaki jibu moja tu: mama mkwe anasoma mioyo. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na hakuna aliyenionya!

Kuanzia sasa nikiwa karibu naye nitawaza mema tu. Wakati wa chai niliwaza "mama mzuri, mama mzuri" mfululizo hadi kichwa kikaniuma. Akaniuliza kama nimevimbiwa.

Jumatano, 13 Agosti

Imekwisha! Asubuhi nimeliunganisha bomba la hewa kwa gundi. Sikuibania gundi. Mchana ikawa imekauka. Saa tisa majaribio: ndoo tatu, masinki matatu, kwa mpigo mmoja.

Maji yalishuka kwa adabu. Hakuna sinki lililobeua. Hakuna harufu hata chembe. Nilipiga magoti nikanusa kila tundu. Safi!

Nikamwita mke wangu. Nikamwita shemeji. Nikamwita mama mkwe, akasema magoti yake hayazitaki zile ngazi. Shemeji akanusa naye, akainua mabega, akasema imekubali. Imekubali! Yeye, kwa kinywa chake! Nilimwomba arudie. Akarudia. Mke wangu akanishika bega, akasema kuhusu ile ngazi ya masinki bado ana wasiwasi, lakini ahsante. Kichwa kilivimba kidogo. Nadhani ni haki yangu.

Jambo la pembeni: uwezo wa mama mkwe umekatika. Leo mchana, baada ya kazi, nilisema mengi handakini kwa makusudi, mengine makali, na mezani hakujibu hata moja. Nafikiri mambo hayo huja na kuondoka.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama mkwe anasema chumba chake kinanuka.

Chumba chake kiko juu ya handaki. Nilisema ndivyo nyumba za zamani zilivyo. Hakuridhika. Tukaanza na panya: shemeji akaingia uvunguni kumtafuta maiti. Hakuna maiti. Tukaja kwenye viatu vya shemeji, ambavyo viko chumba kingine, lakini nilipendekeza vitolewe nje kwa uhakika. Vikatolewa. Harufu ikabaki. Godoro likaanikwa. Mapazia yakavuliwa. Saa sita mama mkwe akafungua kabati lake la nguo, na sote watatu tukarudi nyuma kama tuliosukumwa.

Ndani lilikuwa limetundikwa gauni lake la harusi ya Jumamosi. La kijani. Amelishona mwenyewe kwa ile cherehani, miezi mitatu, na shanga za kifuani amezitia kwa mkono, moja moja, kwa macho yale yale yasiyosoma matangazo. Alilitoa, akalinusa. Akalikunja. Akaketi kitandani nalo mapajani.

Mama mkwe anayefoka namweza, nina uzoefu. Huyu wa kukaa kimya sikuwa na la kumfanya.

Nilileta manukato ya mke wangu, nikapuliza nusu chupa kabatini. Sasa kabati linanuka kama majitaka yaliyoalikwa karamu.

Mke wangu hajanitazama tangu mchana. Na kesho kutwa ndiyo siku yenyewe.

Ijumaa, 15 Agosti

Asubuhi mke wangu na shemeji walilivuta kabati. Nyuma yake, ukutani, karibu na sakafu, kulikuwa na bomba dogo. Limekatwa. Mdomo wazi. Linatazama moja kwa moja kwenye ubao uliooza wa mgongo wa kabati. Inaonekana zamani palikuwa na sinki dogo la kunawia. Sinki wakaling'oa, bomba lake wakaliacha.

Nililitambua. Unene ule, rangi ile. Ni mwisho wa pili wa bomba langu. Pumzi yote ya majitaka ya nyumba hii nimeipandisha mwenyewe, kwa gundi nyingi, hadi kwenye nguo za mama mkwe.

Shemeji akainama akaita, "Halo?"

Hapo mama mkwe akasema ndiyo, kwenye kabati ndiko sauti ilikokuwa ikitoka. Jumatatu na Jumanne nilisikika vizuri kuliko redio. Alidhani ni ukuta mwembamba. Jumatano, nilipoliunganisha, nikanyamaza.

Nikaanza kukumbuka niliyoyasema siku zile mbili. Yote. Nikaketi sakafuni. Shemeji naye akaanza kukumbuka ya cherehani, akanitolea jicho.

Mke wangu hakufoka. Alitazama kalenda, akachukua simu. Baada ya nusu saa hodi ikapigwa, nikafungua. Alikuwa yule mama mfupi wa gazeti. Nikamweleza kwa upole kwamba saluni inafunguliwa kesho. Akasema hakuja kuosha nywele, akanyanyua sanduku la vifaa, akanipita.

Ndiye fundi bomba. Mke wangu akasema hilo ndilo alilotaka kuniambia tarehe nne. Na tarehe tisa.

Nilishika tochi. Fundi alilikata bomba langu la hewa, akaliziba lile la kabatini juu na chini. Akasogeza kabati la taulo, akaliendea lile bomba la kona ya mbali lililopakwa rangi mara nne. Akamwomba shemeji apande paani, agonge bomba linalotokeza pale. Shemeji akagonga. Mlio ukashuka hadi kwenye sikio la fundi. Ndilo. Akaliunganisha na masinki yangu. Kisha akaondoa matofali yote, akalifungua bomba la mlalo, akalifunga upya na mteremko wa upana wa kidole kwa kila mita. Nikamwonyesha kwamba kipovu kimeondoka katikati. Akasema ndivyo inavyotakiwa.

Sikumwambia kwamba shemeji alilisema hilo wiki iliyopita. Shemeji alimwambia mwenyewe, mara mbili, na mara ya tatu kutoka paani.

Saa kumi alikuwa amemaliza. Nilimuuliza, nikiwa bado nimeshika tochi, kama katika kazi yangu palikuwa na chochote kizuri. Alifikiri. Alifikiri kwa muda, kwa kweli. Akasema ile mikunjo iko sawa sawa, hakuigusa. Na gundi nilipaka barabara, maana imemtoa jasho kuikata. Naandika hapa ili isisahaulike.

Gauni mke wangu alilifulia kwenye sinki la tatu, kwa shampuu ya saluni, polepole, asije akazing'oa shanga. Mara nne. Mimi nikivuta kizibo na kufungulia maji mapya. Kila mara yakashuka bila sauti yoyote, na nilipompa taulo akaipokea. Sasa gauni linapepea uani.

Jumamosi, 16 Agosti

Bibi harusi alifika saa moja na nusu na wasindikizaji sita, pamoja na shangazi wawili ambao hawakuwa kwenye hesabu. Handaki likajaa vicheko. Masinki matatu, usawa mmoja. Vichwa vitatu kwa mpigo. Povu, maji, kizibo, na kimya. Nilikuwa nimekaa ngazi ya mwisho nikisikiliza. Kimya kizuri sana.

Mke wangu alikuwa amesimama wima. Kwa miaka kumi na moja nimemwona ameinama juu ya beseni. Nilikuwa nimesahau kwamba ananizidi urefu.

Saa tatu mama mkwe akasema anataka kushuka, magoti yapende yasipende. Alishuka akiwa ameegemea bega langu, amevaa gauni la kijani. Nililinusa kwa siri. Shampuu tupu. Tulipofika ngazi ya sita akasimama kupumzika, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kule kabatini hakusikia ya chumvi na ya paka tu. Jumatatu hiyo hiyo alinisikia nikiiambia nyundo kwamba mke wangu amevunja mgongo vya kutosha kwa beseni lile, na kwamba atasimama wima hata kama mimi nitazama na kupotelea humu handakini.

Sikumbuki kusema hivyo.

"Ndiyo maana sikukwambia kama nasikia," alisema. "Nilitaka uendelee kusema."

Ngazi tatu zilizobaki nilijifanya nazihesabu kwa makini.

Hitilafu moja ndogo. Saa nne, mashine mbili za kukaushia na pasi ya nywele zilipowashwa pamoja, umeme ukakatika handaki zima. Shangazi mmoja akapiga ukelele. Shemeji akapandisha swichi kule jikoni. Ikashuka tena. Ikabidi wakaushe kwa zamu, mmoja mmoja, nusu yao wamekaa ngazini na taulo kichwani. Lakini saa saba bibi harusi alipanda ngazi zile akiwa amependeza hadi shemeji akakosa maoni.

Jumapili, 17 Agosti

Asubuhi mke wangu alinitaka niahidi, mbele ya mama yake na mdogo wake, kwamba sitagusa tena bomba lolote la nyumba hii. Niliahidi bila kusita. Mimi ni mtu wa neno langu. Bomba, kamwe.

Waya si bomba.

Nimekaa na karatasi tangu saa nane mchana. Tatizo la jana ni dogo mno, linachekesha. Handaki linapata umeme kidogo kwa waya mwembamba. Kinachotakiwa ni waya mnene, kutoka kwenye boksi la swichi jikoni, unapita nyuma ya friji, unashuka ukutani, umefika. Na umeme ni kitu cha kistaarabu. Hauvuji. Haunuki. Mteremko hautaki, unapanda na kushuka utakavyo. Laiti ningeanzia huko, likizo yote ingekwenda vingine!

Masjala wameuliza kama kesho narudi. Nimewajibu nina dharura ya kiufundi nyumbani, wanione Alhamisi.

Naandika haya nikiwa dirishani, maana swichi kubwa nimeshaizima. Kutoka handakini mke wangu anauliza kwa sauti nani amezima umeme, ana mteja chini ya mashine. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nakuja.